Jina la Mwisho kwenye Jiwe la Soko

Bu. Bu. Bu. Mara tatu, kisha kimya. Nilikuwa bado nimefumba macho, na kwa kitambo sikujua nina umri gani. Jiwe la soko letu hulia ko likigongwa kwa kokoto, ko kavu, kama jino juu ya jino. Ni mahali pamoja tu, chini kabisa, upande unaotazama nyumba hii, panapotoa sauti iliyozibwa, kama mtu anabisha mlango uliowekewa magunia kwa ndani. Mahali hapo napajua. Nilipafanya mimi.

Jana tulimzika Mama Gaudensia, mwenye nyumba hii, tope la makaburini likitushika hadi vifundoni, na wanawe wakanipa nilale kwenye chumba kile kile cha uani nilichokaa mwaka mmoja nilipokuwa na miaka kumi na tisa. "Dada Konso, chumba chako kipo," wakasema, kana kwamba nilikuwa nimetoka kidogo kwenda kununua chumvi. Niliusukuma zaidi ubao wa dirisha, niliouacha wazi usiku. Kulikuwa kunapambazuka juu ya mabati ya mtaa wa Majengo, ukungu umelala hadi kwenye meza za wauza nguo. Msichana mwenye beseni la dagaa kichwani alikuwa ameinama mbele ya jiwe. Aliitupa kokoto chini, akaenda kwenye meza yake. Baada yake akaja mwenye ndoo ya vitunguu, akaiokota kokoto ile ile, akagonga pale pale. Nikajifunga khanga nikatoka.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba. Mnagonga nini hapo?"

"Tunafungua biashara."

"Mbona chini? Majina yako juu."

Alilitazama jiwe kama mtu ambaye hajawahi kuulizwa. "Sijui, mama. Tumekuta wenzetu wanagonga hapo, na sisi tunagonga."

"Aliyeanza nani?"

"Sijui kwa kweli." Akacheka kidogo, akaanza kupanga vitunguu vyake mafungu mafungu. Nilirudi ndani nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikalia. Waliokuwa wanachochea moto uani walidhani namlilia marehemu. Nilikuwa namlilia, lakini si peke yake.

Chumba hicho mwaka ule kilikuwa na vitanda viwili vya kamba na dirisha moja. Kitanda changu kilikuwa chini ya dirisha. Cha pili kilikuwa cha Bi Zainabu, mwenye korosho, ambaye alikuja kila Alhamisi kwa lori kutoka Nakapanya, huko Tunduru, akalala siku mbili na kuondoka Jumamosi. Siku ambazo hakuwepo kitanda chake kilibaki kitupu, lakini chumba hakikuwa kitupu, kwa sababu harufu yake ilikaa: korosho zilizokaangwa, ganda lililoungua, na mafuta aliyojipaka magotini. Chini ya kitanda palikuwa na kopo lake la udhu, ambalo Mama Gaudensia hakumruhusu mtu yeyote kuligusa, hata kwa kunywea maji. Mama Gaudensia mwenyewe alikuwa Mkatoliki wa kufunga jiko kengele ya misa ya kwanza ikilia. Sebuleni kwake palitundikwa rozari kubwa ya mbao, na chini ya rozari hiyo, upande wa kibla, palikuwa na msumari wa kutundikia mkeka wa Bi Zainabu. Nilipomuuliza kama Padri ameuona msumari huo, alisema Padri akija huangalia sahani.

Sahani zenyewe zilistahili kuangaliwa. Mama Gaudensia alipikia watu wa soko, na jiko lake liligawana ukuta na chumba chetu, ukuta wa tofali moja ambao ulipitisha kila kitu: mvuke wa maharage, harufu ya majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga, na maneno. Zaidi ya yote, maneno. Nilijifunza soko lile kwa sikio kabla ya kulijua kwa jicho. Nilijua nani anakula kwa kelele na nani anaagiza dagaa halafu anawahesabu. Nilijua utani wao. Na utani wao mkubwa, uliorudi kila siku kama ugali, ulimhusu mtu wa mwisho kwenye jiwe.

Jiwe lenyewe ni la kijivu, limezidi kimo cha mtu kidogo, lilichongwa kutoka milima ya Matogoro na kusimamishwa katikati ya soko miaka ya mwanzo baada ya uhuru, kwa ajili ya waliouawa wakati wa vita vya Maji Maji. Lina majina kumi na mawili. Sasa nasema vibaya. Lilikuwa na majina kumi na mawili. Watu hawakuwa wakilitazama sana. Walianikia nguo karibu nalo, waliegemeza baiskeli, waliahidiana "tukutane jiweni." Lakini siku ya kumbukumbu ilipofika kila mwaka, koo zilikuja na mashada, kila ukoo ukasimama mbele ya jina lake, wazee wakaligusa kwa kiganja. Jina la mwisho ndilo halikuwa na watu. Liliandikwa NIMANYILEPI.

Anayejua Kingoni ameshacheka. Kisa nilikisikia kupitia ukutani, asubuhi moja ya mvua, kutoka kwa Mzee Osmund, mwenyekiti wa soko, akimsimulia mgeni aliyekuja kununua mahindi. "Karani alikuwa mtu wa mbali," alisema, mdomo umejaa muhogo. "Amekaa na kitabu chake, mzee mmoja anamtajia waliokufa. Huyu fulani, huyu fulani. Kumi na mmoja wamekwisha. Karani anauliza, na huyu wa kumi na mbili? Mzee anakuna kichwa, anasema, nimanyi lepi. Sijui. Karani anaandika. Tena anamshukuru. Fundi naye akachonga kama alivyoandikiwa." Jiko zima likacheka, ingawa wote walikisikia tangu utotoni. "Na mzee hakusema kitu?" mgeni akauliza. "Mzee hakujua kusoma. Waliojua kusoma walikuja baadaye, wakakuta jiwe limeshasimama na mgeni rasmi ameshapiga makofi."

Basi ikawa ndiyo lugha ya soko. Nani kachukua kisu changu? Kamuulize babu wa mwisho. Baba wa mtoto huyu nani? Yuko kwenye jiwe. Hawakuwa na ubaya. Lakini nilikuwa nimegundua kwamba utani huo ulikuwa na siku zake. Kuanzia Alhamisi jioni hadi Jumamosi asubuhi hakuna aliyeutamka. Hata muuza nyama, ambaye alimtania hadi Padri, alinyamaza. Kwa sababu Bi Zainabu alikuwepo, na mtu wa mwisho kwenye jiwe alikuwa babu yake.

Alikuwa ameshamchukua miaka mingi kabla sijafika. Wenye soko walisimulia kwamba siku moja alisimama mbele ya jiwe akamwomba mtoto wa shule amsomee majina, na kila jina akauliza, "Huyu ana watu?" Akajibiwa anao, ni wa ukoo fulani. Walipofika la mwisho, waliokuwa karibu walitazamana. "Huyu hana watu," mmoja akasema, akijizuia kucheka. "Basi ni wangu," akasema Bi Zainabu. Kicheko kikawakauka. Tangu hapo, kila Ijumaa kukipambazuka, baada ya swala yake, alitoka na kokoto aliyoiweka kwenye pindo la khanga, akagonga mara tatu juu ya jina lile, akasubiri, kisha akasoma Fatiha na kurudi ndani. Mimi nilikuwa nasikia nikiwa kitandani. Ko, ko, ko. Ndiyo iliyokuwa saa yangu.

"Unabisha hodi, bibi?" nilimuuliza Ijumaa ya kwanza.

"Utamsemesha mtu bila hodi? Mlifundishwa wapi ninyi?"

"Na asipoitika?"

"Hodi ni tatu, mke mwenzangu. Usipoitikiwa, unageuza, unarudi siku nyingine. Ya nne ni ugomvi."

Mke mwenzangu ndilo jina alilonipa. Ni utani wa bibi na mjukuu, kila mtu anaujua, lakini yeye aliutia chumvi yake: alisema sote wawili tumeolewa na yule wa jiweni, yeye mke mkubwa, mimi mdogo, na kwa kuwa mimi ndiye ninayelala dirishani upande wake, basi nisijidai. Jina langu la ubatizo hakulitumia hata siku moja. Jioni tulikaa uani tukimenya korosho, vidole vyake vyeusi kwa utomvu wa maganda, na mara chache, mvua ikipiga bati hata tusisikike jikoni, alinieleza habari za babu yake huyo. Hazikuwa nyingi. Askari walipita kijijini kwao wakati wa vita, wakachukua wanaume, wakawaswaga kuja huku Songea. Bibi yake alikuwa na mimba. Aliyekimbia na kurudi alisema tu kwamba hawapo tena. Baada ya hapo bibi alikataza. Wanaotafutwa hawatajwi, alisema, na hofu hiyo haikumtoka hata vita vilipokwisha, hata Wajerumani wenyewe walipoondoka. "Kwetu babu tunamwita ambuje," Bi Zainabu alisema. "Ndivyo nilivyomsikia, ambuje, ambuje, hadi nikakua. Mama yangu alizaliwa hakumkuta." Akapuliza vumbi la ganda kutoka kiganjani. "Na macho yangu yananiacha, mke mwenzangu. Zamani nilimwona pale. Sasa namshika tu."

Nilipaswa kusikia kilichokosekana katika habari hiyo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikasikia tu alichosema.

Mimi kazi yangu mwaka ule ilikuwa kuandika. Nilikuwa na mwandiko mzuri na brashi tatu, na niliwaandikia watu vibao: kinyozi, genge, tunatengeneza viatu. Nilitaka kubaki mjini kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Kwa hiyo Mzee Osmund aliponiita baada ya mvua za mwanzo, akasema kumbukumbu ya mwaka huu itakuwa na wageni wakubwa, herufi za jiwe zipakwe upya rangi nyeusi, na nikifanya vizuri vibao vya meza zote za soko vitakuwa vyangu, nilirudi nyumbani kama niliyemeza jua. Ijumaa hiyo nilimwambia Bi Zainabu. Akanishika kifundo cha mkono.

"Wangu umkwangue kwanza, ukungu umemjaa. Herufi ziingie ndani, nipate kumshika vizuri. Wale wengine wana watu wenye macho."

"Nitafanya, bibi."

"Niahidi."

"Nakuahidi."

"Basi mke mdogo amepata akili," akasema, na jioni hiyo nzima alikuwa mtu wa furaha, akamtania Mama Gaudensia kwamba kuku wake wanaswali kuliko yeye.

Jumatatu Mzee Osmund alikuja na mfuko wa khaki wenye saruji kiasi cha vibaba viwili. Alikaa jikoni, akaagiza chai, na mara hii hakusimulia kitu. "Lile la mwisho tulizibe," alisema. "Wageni watakuja na watu wanaojua Kingoni. Watasoma mbele ya kipaza sauti. Itakuwa aibu ya wilaya nzima. Ziba, sugua, paka rangi ya jiwe. Majina kumi na moja, kwisha habari." Nikasema, "Na Bi Zainabu?" Aliizungusha chai kwenye kikombe. Hakuwa mtu mbaya. Nimejaribu miaka hii yote kumfanya mbaya, nimeshindwa. "Bi Zainabu haoni vizuri," alisema. "Na lile si jina, mwanangu. Tutamwacha mama wa watu aombee neno sijui hadi lini? Tumemdanganya vya kutosha." Ilisikika kama haki. Hiyo ndiyo iliyonishinda: ilisikika kama haki, na nyuma yake kulikuwa na vibao vya meza zote za soko.

Nilimtazama Mama Gaudensia. Alikuwa anachambua mchele, ungo magotini, hakuinua kichwa. "Ziba mapema, simenti ikauke kabla ya Alhamisi," alisema. Ndivyo tulivyokuwa sote wawili.

Niliziba Jumanne, adhuhuri, soko limejaa. Sikuwa na mwiko mdogo wa kuingia kwenye herufi, nikatumia vidole. N, nikaishindilia. I. M. Saruji ya maji ni baridi mwanzoni, kisha inaanza kuuma taratibu, kama pilipili iliyochelewa. Nilikuwa natarajia mtu atasema kitu. Muuza nyama alipita, akasimama nyuma yangu, akavua kofia yake, na sikujua kama anapunga upepo au anaaga. Nilipomaliza nilifunika kwa nailoni sababu mvua ilikuwa inakusanyika, nikaanza kupaka rangi majina yale kumi na moja, nikayapaka vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kupaka. Bado yanasomeka.

Usiku wa Jumatano mvua ilinyesha, na asubuhi nikaomba inyeshe zaidi. Barabara ya Tunduru wakati huo ilikuwa bado udongo, masika malori yalilala njiani siku tatu, nne. Nilipiga magoti kando ya kitanda chake kitupu nikaomba lori lake likwame, yeye asipatwe na lolote, akae tu huko kwenye tope hadi sherehe ipite, halafu nitajua la kumwambia. Sijawahi tena kuomba kwa imani namna ile. Alhamisi jioni alisimama mlangoni na gunia lake, khanga imelowa tope hadi kiunoni. Walisukuma lori kutoka asubuhi. "Wenzangu walitaka turudi," alisema. "Nikawaambia mimi nina mtu ananisubiri, amepakwa rangi mpya." Akaniuliza kama herufi zimeingia. Nikamwambia nina homa, nikajigeuza ukutani.

Na kulipopambazuka nilikuwa macho. Nilisikia maji ya udhu, nikasikia mkeka ukikunjwa, nikasikia mlango. Nilihesabu hatua zake. Kisha nikasikia ile sauti kwa mara ya kwanza. Bu. Ya pili haikuja. Kilichokuja ni mkwaruzo laini wa kiganja kikipita juu ya jiwe, kikiteremka, kikipanda. Halafu ko, juu kabisa, kwenye jina la kwanza. Alikuwa ameamua amekosea hesabu, anaanza upya. Ko, akapapasa. Ko, akapapasa. Alishuka hivyo jina kwa jina, akibisha kwa kila mwenye watu wake, na mimi nilikuwa nimelala juu ya mikono yangu nikihesabu naye. La kumi na moja. Ko. Kisha muda mrefu sana bila kitu. Kisha bu. Bu. Bu. Ningeweza kufungua dirisha. Lilikuwa juu ya kichwa changu, ni komeo moja tu. Watu huniuliza, wanaonijua vizuri, kwa nini silali na dirisha limefungwa hata wakati wa baridi.

Leo asubuhi, tulipokuwa tunakunywa chai ya msiba, nilimuuliza Ditrick, mtoto wa kwanza wa Mama Gaudensia, ambaye mwaka ule alikuwa akisoma bweni, kuhusu wanawake wa soko na kokoto zao. "Mama ndiye aliyeanza," alisema. "Miaka mingi sasa. Kila asubuhi kabla hajawasha moto anakwenda kugonga. Wateja wakaona biashara yake haipungui, na wao wakaanza." Nikamuuliza kama aliwahi kumweleza sababu. "Tulimuuliza sana. Alikuwa anatujibu Kingoni. Nimanyi lepi." Akatabasamu, akachovya muhogo kwenye chai. Nilimtazama nione kama anajua alichosema. Hakujua. Sasa Mama Gaudensia ameondoka, Mzee Osmund aliondoka zamani, na habari kutoka Nakapanya ilikuja masika mawili baada ya mwaka ule kwamba Bi Zainabu naye amezikwa. Nimebaki mimi.

Asubuhi ile ya Ijumaa aliporudi kutoka jiweni alibisha hodi kwenye mlango wa jikoni, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, maana ilikuwa nyumba yake pia. "Hodi."

"Karibu, Bi Zainabu," akasema Mama Gaudensia, haraka kupita kiasi. "Chai tayari."

Aliingia akakaa kwenye kigoda. Mimi nilikuwa nimesimama penye mlango wa chumba, nimejifunga shuka kama mgonjwa. Hakugusa chai. "Konsolata," akasema, na mimi sikujua kama alikuwa analijua jina hilo. "Lete mkono."

Nilimpa. Saruji ilikuwa imenila ncha za vidole, ngozi imechubuka na kukakamaa. Alivipapasa kimoja kimoja, polepole, kwa namna ile ile aliyopapasa herufi.

"Si kosa lake," Mama Gaudensia akasema. "Bi Zainabu, nisikilize. Lile halikuwa jina. Tulikuonea aibu kukuambia. Karani aliuliza mtu wa mwisho nani, mzee akajibu nimanyi lepi. Maana yake, sijui."

Bi Zainabu aliendelea kushika vidole vyangu. "Mama Gaudensia, nimewauzia Wangoni korosho miaka mingapi? Mteja namuuliza, utarudi kesho? Ananijibu, nimanyi lepi. Mimi nilikuwa nadhani ananitajia jina lake?"

Jikoni maharage yalikuwa yanatokota.

"Nilijua siku ile ile," alisema. "Walivyotazamana. Nikasema, ndiye. Hawa wengine wote wameandikwa majina, na majina yao yana wenyewe. Wangu bibi yangu alificha jina lake hadi likampotea mwenyewe. Alipokaribia kufa tulimwomba, bibi, huyu ambuje alikuwa nani. Alilitafuta jina lile siku mbili. Akalia. Akasema, sijui." Aliuachia mkono wangu, akaurudisha kwangu kama kitu alichoazima. "Hapa duniani ni pale tu palipoandikwa kama bibi alivyosema. Nilikuwa sihitaji kudanganywa, wala sihitaji kuambiwa. Nilihitaji paachwe."

"Nitapazibua, bibi," nikasema. "Leo hii. Nitachukua patasi."

"Utachonga nini? Utachonga sijui ya kwako?" Haikuwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. "Ungeniambia tu, Konsolata. Ningekuja mapema nikamuaga."

Aliingia chumbani. Tulimsikia akikunja mkeka, akitoa kopo la udhu chini ya kitanda, maji yaliyobaki yakimwagwa dirishani. Ilikuwa Ijumaa, na gunia lake la korosho lilikuwa halijafunguliwa. Mama Gaudensia alisimama, akakaa, akasimama tena, akafunga mihogo minne kwenye jani la mgomba na kumwekea juu ya gunia bila kusema. Bi Zainabu alijitwika mzigo kichwani. Alipomfikia Mama Gaudensia alimshika bega, wakakaa hivyo kidogo. Mimi alinipita. Alipofika mlangoni alisimama, ametugeuzia mgongo, akatoa kokoto kwenye pindo la khanga, akabisha kwenye ubao wa mlango, akiwa bado yuko ndani. Ko. Ko. Ko. Akasubiri, kichwa kimeinama kidogo, kama alivyosubiri pale nje Ijumaa zote.

Lilikuwa neno moja. Kila mtoto wa nchi hii analijua kabla hajajua kutembea, na mdomo wangu haukufunguka.

Aliiweka kokoto kizingitini, akatoka, akaurudisha mlango nyuma yake, taratibu, hadi komeo likaingia.